Nywila ya Mjukuu

Wataalamu wa dijitali wamefika Chamwino, wilaya ilikozinduliwa Ikulu mpya Mei 2023, kuwakomboa kina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kutoka kwenye daftari. Hongereni. Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya kikao. Ninyi mmewaletea usalama wa kisasa: nywila moja, aijuaye ni mjukuu wa katibu wa kikundi, naye yuko Dodoma mjini anaendesha bodaboda.

Haja ya dijitali ipo, hatukatai. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kikundi kisajiliwe. Mkopo wa halmashauri nao, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, siku hizi huombwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Kwa uzito huo, mmetoa mafunzo ya siku mbili: slaidi, posho, picha ya pamoja. Kisha gari likatimua vumbi, mama akabaki na simu ya kitochi na cheti cha kuhudhuria.

Ripoti itasema vikundi vimeunganishwa. Kweli, vimeunganishwa na steshenari ya mjini, wanakolipa nauli na ada ili wajaziwe fomu.

Mkija tena, fundisheni wanachama watatu, si mmoja. Rudini mwezi unaofuata mkaone wamekwama wapi. Na kwa fedha ya ukumbi, wanunulieni simu janja ya kikundi. Mti wa kukaa chini yake wanao.