Mzimu wa Ba Be Bi Bo Bu

Daftari la maktaba yetu lina safu tano: namba, jina la kitabu, mwandishi, idadi ya kurasa na hali yake. Halikuwahi kumshinda mtu mpaka vilipokuja vishikwambi, vile vilivyomaliza kazi ya Sensa ya Agosti 2022 vikagawiwa walimu. Mwalimu mkuu akaniagiza niviingize daftarini kama mali nyingine. Jina, sawa. Mwandishi je? “Andika Serikali.” Kurasa? Akafikiri kidogo. “Andika nyingi.” Hali yake: kinawaka.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja, kabati mbili na rafu moja iliyoinama, tunachochangia na majembe ya shamba la shule, mipira na boksi za chaki. Kila kinachoingia humo hugongwa mhuri. Mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu, mtu wa utaratibu sana, alikigonga kishikwambi cha kwanza papo hapo kwenye kioo. Wino wa zambarau haukauki juu ya kioo. Mtoto wa kwanza kukisogeza usoni asikilize sauti alirudi kwao na MALI YA SHULE shavuni, imeandikwa kinyumenyume. Asubuhi mama yake alikuwa mlangoni kuuliza tumeanza lini kuwapiga watoto chapa kama ng'ombe.

Likaja suala la ulinzi. Tuliweka ule ufunguo wa kuchora kwa kidole, mchoro ambao tuliamini tunaujua walimu peke yetu. Mapumziko ya saa nne hayajaisha, binti wa darasa la pili alikuwa ameshafungua na anachora nyumba. Nilimuuliza nani kamwambia. Akakiinamisha kishikwambi kuelekea dirishani, mwanga ukapiga kioo kwa ubavu: njia nzima ya kidole ilionekana, imeng'aa kwa mafuta ya maandazi. “Mwalimu, si unaona barabara?” Tulibadilisha mchoro. Maandazi yakaufuata.

Kwa wakazi wa pande hizi za Handeni, mtoto kukimudu kishikwambi hakukupaswa kuwa ajabu. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, vya Handeni na Korogwe vikiwemo, vilikuwa uwanja wa mashindano ya dunia nzima, Global Learning XPRIZE. Zawadi zilikuwa dola milioni 15, Elon Musk akiwa mfadhili. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, ndani yake mna programu za timu tano zilizofika fainali. Asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule kabisa, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo la wasiojua hata neno moja lilipungua kwa nusu. Mei 2019, huko Los Angeles, Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi wa pamoja, wakagawana dola milioni 10.

Sharti la mashindano lilikuwa moja lililoniuma: mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, bila mwalimu. Habari ile niliisoma nimenuna. Nilikunjua uso nilipofika kwenye mpango wenyewe. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilifunga sola za kuchajia vijijini, na kila kijiji kilikuwa na mama wa kuviangalia vishikwambi. Ndiyo kusema mwalimu aliondolewa, mkutubi akabaki. Programu zile ziliweza kufundisha mtoto kusoma. Hakuna hata moja iliyojichomeka kwenye umeme.

Na mkutubi ndiye anayeamshwa usiku. Mlinzi wetu ni mzee wa makamo, Mzigua aliyeona mengi, si mtu wa kukimbia ovyo. Usiku ule aligonga dirisha langu kwa ncha ya rungu.

“Mwalimu, amka. Maktabani wanasoma.”

“Nani, mzee wangu?”

“Siwajui. Wako kwenye silabi.”

Nikatoka na tochi na funguo. Kweli bwana: ndani ya chumba nilichokifunga mwenyewe kwa kufuli, sauti ya mtoto, nyembamba, isiyo na haraka, ilikuwa ikisema ba, be, bi, bo, bu. Majirani wawili wameshafika, mmoja na chumvi kiganjani. Handeni hakukosekani mtaalamu wa mambo haya, na maelezo yalikuja kabla sijapata tundu la kufuli: huyo ni mzimu wa mtu wa kisomo cha watu wazima wa miaka ya 1970, aliyefariki kabla ya mtihani. Sauti ikanyamaza. Tukashusha pumzi. Baada ya muda ikaanza tena, kutoka ba. Mwenye chumvi akanipa nusu.

Nilipofungua, mwanga wa bluu ulikuwa ukimulika mipini ya majembe kutoka kwenye upenyo wa kabati. Ilikuwa saa nane na dakika zake. Mwalimu wa zamu alitaka kishikwambi kimkumbushe kipindi cha saa mbili asubuhi, akaandika 2, bila kujali kwamba saa za kishikwambi ni za Kizungu na mbili yake ni saa nane yetu ya usiku. Nao watoto, waliochoshwa na mlio wa kengele, walikuwa wamemrekodi mwenzao akisoma, wakamweka badala yake. Mzee alisikiliza maelezo yote kwa adabu, akasema ameelewa. Tangu hapo doria yake inazunguka shule nzima ila upande wa maktaba. Kesho yake saa mbili asubuhi hakikulia kitu, na kipindi kikapita.

Hivi karibuni kimoja kilikataa chaji, nikakifunga kwenye kanga nikapanda nacho gari hadi Korogwe, kwa fundi simu wa stendi. Alikigeuza, akaona maandishi ya mgongoni, akakirudisha mezani taratibu. “Mwalimu, hii si simu. Hii ni Serikali.” Nikambembeleza. Akachukua kijiti cha meno, akachokonoa tundu la chaja: ukatoka udongo mwekundu wa kwetu, kipande cha risasi ya penseli na punje moja ya mtama. Kikawaka palepale. Hakunidai kitu, ila alitaka kujua mtama ule ulipandwa na nani.

Tatizo lililobaki si la teknolojia. Chaja za vishikwambi zinaingia vizuri kabisa kwenye simu za walimu, na chaja zetu zina miguu. Msomaji mwenye chaja ya ziada, yenye kichwa bapa cha kisasa, aiache kwa mafundi simu wa stendi ya Korogwe, aseme ni ya mwalimu wa maktaba; watajua. Vitabu vya hadithi pia tunapokea, hasa vya darasa la tatu.