Unga Uliofungiwa Stoo

Daktari alimwambia Baba maneno mawili: presha imepanda, na dawa peke yake haitoshi, apunguze uzito kidogo kidogo. Baba alilishika la kupunguza. Hilo la kidogo kidogo liliishia mlangoni mwa kliniki. Jioni ile ile akatangaza sheria nyumbani kwetu, Tanga: ugali marufuku, wali marufuku, chapati zisitajwe. Unga na mchele vikahamishiwa stoo, kufuli likapigwa, na ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

Tukala kabichi na matango. Mdogo wangu akawa hapitishi siku bila kupitia kwa shangazi akitoka shule. Ila aliyeumia zaidi ni Mama. Bibi, mzazi wake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza na kapu la machungwa. Alipowekewa sahani ya kabichi tupu, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Mkwe wangu, nimekukosea nini?" Mama alirudi jikoni akalia. Mgeni kunyimwa ugali si jambo dogo katika nyumba yenye heshima.

Usiku mmoja mdogo wangu akatumwa mkaa. Karibu na genge, kwenye kibanda cha chipsi, akamkuta Baba mbele ya chipsi mayai, na soda pembeni. Walirudi pamoja bila kusemezana. Bibi alikuwa barazani, na harufu ya mafuta ilitangulia.

"Keti, mwanangu," alisema. "Marehemu baba yako alikula ugali maisha yake yote. Lakini alilima kutwa. Wewe unakaa ofisini kutwa, kisha unapakua kama mkulima. Ugali hauna kosa. Kosa ni kipimo."

Bibi alisema kweli. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na chipsi hunywa vijiko kadhaa. Soda ya mililita 300 hubeba sukari ya gramu 30 hivi, sawa na vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni heri zaidi. Njaa aliyoibana Baba mchana alikuwa akiilipa usiku kwa riba.

Asubuhi ufunguo ulikabidhiwa kwa Mama, na Baba akamwomba radhi mbele ya Bibi. Tangu hapo nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele au kisamvu. Robo ni samaki au maharage. Robo iliyobaki ni ugali wa dona, tonge la ukubwa wa ngumi, kwa kuwa dona lina pumba zake na hushibisha kuliko sembe. Chakula kinapakuliwa jikoni na sufuria haiji mezani. Sinia tumeliachia sikukuu, maana kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mafuta yanapimwa kwa kijiko, hayamiminwi kutoka kwenye dumu. Anayetaka kuongeza husubiri kama dakika 20, kwa sababu tumbo huchelewa kuuarifu ubongo kwamba limeshiba, na mara nyingi hamu huisha yenyewe. Sukari ya chai ilipunguzwa nusu kijiko kwa nusu kijiko, ulimi ukazoea. Jioni Baba na Mama hutembea hadi Raskazone na kurudi.

Mshipi wa Baba umesogea matundu kadhaa, presha imeshuka, na dawa anaendelea nazo kama alivyoagizwa. Bibi alikula ugali wake hadi siku ya kuondoka, na Mama akamsindikiza stendi wakicheka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa upunguze uzito, usiifanye nyumba yako kambi ya njaa. Marufuku huvunjwa kwa siri, kipimo hudumu. Usiwafungie watu wako chakula. Wapimie, kaa nao mezani, na uanze na sahani yako mwenyewe.