Pima Nyota Kabla ya Kupima Mpunga

Unayetaka kuoa, kuolewa au kulima nusu kwa nusu msimu huu katika bonde la Kilombero, acha kuulizia tabia za watu. Tabia ya mtu huonekana baada ya mavuno, na hapo umeshachelewa. Angalia nyumba ya saba.

Unajimu wa Kihindi, ule unaoitwa wa Veda, hugawa anga nyumba 12, na ya saba ni ya mwenza. Uzuri wake ni kwamba haibagui: mke, mume na yule mliyechangia hela ya trekta wote wanalala humo. Zuhura akikaa vizuri kwenye chati ya mwanamume, atapata mke mwema. Kwa mwanamke anaulizwa Mushtarii, maana ndiye wakili wa mume. Zohali akitua nyumba hiyo, ndoa inachelewa. Zamani kijana wa Mahenge aliyechelewesha posa Ifakara alisingizia kivuko. Tangu Mei 2018 tuna Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 juu ya Mto Kilombero, na kisingizio kimekufa. Sasa msingizie Zohali, anayelizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi wala hana haraka na mtu.

Kujua nani amekaa nyumba ipi kunataka saa kamili uliyozaliwa, kwa sababu nyota inayochomoza mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Muulize mama. Atakwambia ilikuwa masika, maji yamejaa bondeni, treni la abiria limeshapita. Kama siku hiyo treni lilipita kwa saa yake, hilo utalitafuta mwenyewe. Na akikutajia saa, usifurahi bado. Saa mbili ya mama ni asubuhi, watu wameshanywa uji. Programu ya kwenye simu itaisoma kuwa ni usiku wa manane. Saa sita zikipotea, nyumba tatu zimepotea. Mushtarii wako aliyekuwa nyumba ya saba, ya ndoa, atajikuta ya kumi, ya kazi na cheo. Umekwenda kutafuta mume, unarudi na udiwani.

(Watu wa Pwani wana njia fupi. Jina lako na la mama yako yanageuzwa tarakimu kwa abjadi, jumla inagawanywa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota yako. Saa haihitajiki. Anahitajika mama tu.)

Halafu sahau nyota uliyoizoea. Wahindi hupima kwa nyota zenyewe zilipo angani, na hesabu yao inapishana na ile ya magazetini kwa nyuzi kama 24. Wengi wetu tuliokua tukimsikiliza mnajimu marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, tunarudi nyuma nyota moja. Wewe uliyejigamba miaka yote kuwa Simba, pole, huenda ni Kaa.

Mirihi ndiye wa kuogopwa. Akikaa nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane au ya 12, una mkosi wa ndoa. Nyumba tano kati ya 12! Ukipanga foleni ya mashine ya kukoboa, karibu nusu ya foleni imelaaniwa. Dawa ipo: mwenye mkosi hufungishwa ndoa kwanza na mti, au chungu, ili mkosi uishie huko. Mgomba unakubalika, na migomba kwetu haina shida. Shida ni mbuzi wa jirani, anayeweza kukufanya mjane kabla ya jioni.

Mkipita hapo, mnapimwa alama 36, na chini ya 18 hakuna ndoa. Alama hizi hutokana na mahali mwezi ulipokuwa mlipozaliwa, katika vituo 27, na kila kituo kina mnyama wake. Paka hapatani na panya, tembo na simba. Kituo cha tatu ni Kilimia chetu hiki hiki, ambacho wazee walikitazama kujua msimu wa kulima. Aliyezaliwa mwezi ukiwa hapo, Wahindi humpa mnyama kondoo, kisha wanamweka kundi la majitu. Zamani niliona hayo hayakai pamoja. Siku hizi nayaelewa kabisa: wakati wa kupanda ni kondoo, siku ya kugawana magunia ni jitu.

Maana mimi mwenyewe nilipima. Mbia wangu alipata 27 kati ya 36. Kuna ndoa zinaimbiwa kwaya kwa alama chache kuliko hizo. Yeye alitoa shamba, mimi nikatoa hela ya trekta, mbegu na palizi. Tulipokezana dunguni kuamia ndege, tukila perege wa kukaanga kama ndugu. Wakati wa kuvuna nikapata msiba, nikaondoka siku mbili. Niliporudi mpunga umeshagawanywa, magunia 20 kwa 20, hakuna aliyepunjwa. Yangu yameshonwa kawaida. Yake lumbesa.

Nikarudi kwenye chati na nikamkuta Rahu, ambaye nilimruka kwa kuwa hana mwili, ni kivuli tu. Kumbe ndiye anayelimeza jua. Septemba 1, 2016, watu wamejaa Rujewa kule Mbarali wanamtazama, alilila mchana kweupe akabakiza pete. Atashindwaje na mpunga wangu?

Kwa hiyo ukitaka nikupimie, njoo na tarehe, saa aliyoitaja mama na jina la huyo mbia wako. Njoo na mzani pia. Ada ni debe moja la mpunga wa supa. Saro sipokei.