Jinsi ya Kuhudhuria Kongamano na Usikumbukwe na Mtu

Umemaliza umahiri wa Kiswahili, sasa unautaka uzamivu, na umesikia kwamba mwombaji anayefahamika kwa maprofesa ana nafuu. Ni kweli. Ujerumani, kwa mfano, mara nyingi unatakiwa umpate kwanza msimamizi aliye tayari kukuchukua, ndipo usajili ufuate. Marekani huamua kamati ya idara, lakini nayo imeundwa na watu wanaokwenda makongamanoni. Kwa hiyo hatari ya kukumbukwa ipo kote. Ukitaka kuiepuka, fuata hatua hizi.

1. Kosea kalenda
Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu mwezi Desemba, vingine mapema Januari. Usijisumbue na Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, ambalo kwa kawaida huwa Mei au Juni, wala na mikutano inayozunguka Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Hiyo ingekuachia miezi mizima ya kulinyoosha pendekezo lako la utafiti kwa maoni uliyopewa. Jitokeze Desemba, fomu ikiwa imeshajazwa.

2. Ficha ulichonacho
Tuseme tasnifu yako ilihusu majina ya mashua Kilwa Kivinje. Ulishinda ufukweni ukinakili maandishi ya ubavuni na kuwahoji wenye vyombo, mpaka ukampata nahodha aliyeita chake *Deni Halijaisha*, akakueleza deni lenyewe ni la nani. Mtu akisikia hilo hakusahau tena. Basi ikisiri yako iite “Nafasi ya Kiswahili katika Maendeleo ya Afrika”, na matokeo yaandike kwa wakati ujao: makala itachunguza, data zitakusanywa, mapendekezo yatatolewa.

3. Tumia dakika zako 15 ipasavyo
Dakika tatu za kwanza ni za itifaki: mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakuu wa idara, wanahabari, mabibi na mabwana. Wakati huo kijana wa projekta anahangaika na waya, maana hukufika mapema kujaribu faili lako. Kisha fasili lugha. Toa fasili ya mtaalamu wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu useme unakubaliana nao wote. Slaidi zisomwe neno kwa neno, ukiipa hadhira mgongo. Mwenyekiti akiinua karatasi ya “DAKIKA 1”, wewe ndiyo kwanza unaingia kwenye misingi ya nadharia. Tamka “kutokana na ufinyu wa muda”, ziruke slaidi zote za Kilwa, na uwashukuru kwa kukusikiliza.

4. Shukuru kila swali
Ukiulizwa data zako zilikusanywa vipi, jibu: “Ahsante sana kwa swali zuri, nimelipokea, nitalifanyia kazi.” Usiandike popote. Katika vikao vya wenzako usiulize swali fupi kuhusu jambo walilosema. Simama na utangaze: “Mimi sina swali, nina mchango,” kisha uchangie mpaka chai ipoe.

5. Mvamie profesa kwenye chai
Makala zake usizisome kabla. Msubiri awe na kikombe mkono huu na sambusa mkono ule, ndipo umnyooshee wako.
“Shikamoo, Profesa.”
“Marahaba. Unachunguza nini?”
“Chochote, Profesa. Hata ukinichagulia wewe ni sawa.”
Hapo omba picha. Ipandishe mtandaoni kabla hajameza sambusa, uandike: “Na mlezi wangu wa kitaaluma.”

6. Wakwepe wanafunzi wa uzamivu
Utawaona meza ya nyuma, wamelegeza tai. Hawana vyeo, hawana kadi. Wanachojua ni vitu vidogovidogo tu: msimamizi yupi hurudisha sura baada ya wiki mbili na yupi baada ya mwaka, nani anakaribia kustaafu, ufadhili upi unatosha kodi ya nyumba na upi unaishia kwenye nauli. Mbaya zaidi, mmoja wao anaweza kukuonyesha pendekezo lake lililokubaliwa. Kaa mbali nao. Kimbilia foleni ya mkoba na kalamu.

7. Nyamaza, kisha ibuka ghafla
Usitume barua pepe wiki hiyohiyo, yenye aya mbili, ikimkumbusha profesa swali alilokuuliza na jibu ulilolipata baadaye. Kaa kimya hadi zibaki siku mbili maombi yafungwe. Vyuo vingi vya Marekani hutaka barua tatu za mapendekezo, nawe una mbili. Mwandikie sasa. Kichwa cha barua kiwe “Salamu”, kiambatisho kiwe tasnifu nzima bila muhtasari, na jina la chuo usilitaje, atalitafuta.

Akiwa na moyo mwema ataandika, tena ukweli mtupu: kwamba mlikutana kongamanoni, kwamba ulihudhuria, na kwamba una adabu. Cheti chako cha ushiriki kinasema karibu hayohayo, na chenyewe kina mhuri.