Sehemu Sita za Kumi za Mtu

Usawa kazini ni jambo ambalo Tanzania imeliandika vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, jinsia, ujauzito na mengineyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikaongeza hesabu: kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, angalau asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Asilimia 3 ya 20 ni sehemu sita za kumi za mtu. Mwajiri wa Mpanda, mkoani Katavi, anayeogopa desimali huishia na wafanyakazi 19.

Kuhusu alikotoka mtu, Katavi ina somo refu zaidi. Katumba na Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa kwa wakimbizi waliotoka Burundi 1972. Wengi wao walipewa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Cheti hicho hujibu maswali yote ya usaili isipokuwa moja, ambalo kwa adabu huachwa hadi mtu asimame kuaga: "Lakini kwenu hasa ni wapi?" Aliyezaliwa Katumba hujibu Katumba. Kamati huandika "mawasiliano: wastani", kisha hukubaliana kwamba ubaguzi haupo, maana swali hilo huulizwa kila mwenye jina kama lake.