Kitana Kinachopinda Maji
Watu wa Bungoma mjini wakisikia naishi Cheptais huniambia nina bahati: Mlima Elgon uko juu ya kichwa changu, kwa hivyo maji yananikimbilia yenyewe. Waje Januari. Upepo wa kiangazi umekausha kila kitu, mfereji unatoa uzi mwembamba wa maji, na kila nikigusacho kinaniuma. Nikivua sweta la mitumba nililonunua Chwele, linaalika kama mahindi kikaangoni. Nikishika komeo la mlango, linanichoma kidole. Nikimpokeza mke wangu kikombe, anaruka: “Baba watoto, una stima!” Stima ninayoilipia imepotea tangu jana jioni, hii ya bure ndiyo haikatiki.

Mpwa wangu wa kidato cha pili ana majibu ya kila kitu. “Mjomba, huo ni umemetuli.” Vitu viwili vikisuguana, kimoja hunyang’anya kingine elektroni. Msimu wa mvua hewa ina unyevu, chaji inavuja bila mtu kujua. Kiangazi inakaa mwilini ikisubiri chuma. Nikamwuliza kwa nini isisubiri katika mwili wake. Akacheka, akachukua kitana changu.

Changu, kwa sababu yeye shule imemnyoa upara. Akakisugua kwenye sweta langu, mwenyewe nikiwa bado nimelivaa, kisha akakisogeza karibu na ule uzi wa maji bila kuugusa. Maji yakapinda! Yakaiacha njia yao, yakakifuata kitana. Mtungi uliokuwa chini ukabaki mkavu, mguu wangu ukaoga.

Akanipa somo. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Oksijeni ni choyo, inavutia elektroni kwake, hivyo upande wake huwa hasi na upande wa haidrojeni huwa chanya. Kitana kikija, molekuli hugeuza upande unaokipenda, zikavutwa. Mafuta ya taa hayana pande za namna hiyo, ndiyo maana hayakijali kitana. Akataka kunithibitishia kwa mafuta yangu ya taa. Nikamtajia bei, akaridhika na nadharia.

Kinachoniudhi ni kwamba hata nadharia yenyewe ina walakini. Mwaka 2000, jarida la Marekani liitwalo Journal of Chemical Education lilichapisha makala iliyosema jaribio hili limekuwa likieleweka vibaya. Molekuli kugeuka zinageuka, ila nguvu hiyo ni ndogo mno kupinda mchirizi mzima. Maji ya mfereji hupitisha umeme. Kitana chenye chaji hasi kikikaribia, huzifukuza chaji hasi zirudi juu kwenye bomba hadi ardhini, na maji yanayoanguka yanabaki chanya. Hayo ndiyo yanayovutwa. Kwa ufupi, maji hayapindi kwa kuwa na sura mbili. Yanapinda kwa kuwa yameporwa. Hapo niliyaelewa kabisa, maana nilikuwa nimetoka kumlipia karo huyuhuyu mwalimu wangu.

Nikamwuliza swali la mtu mzima: kitana kinaweza kuyavuta maji kutoka msituni kule mlimani hadi hapa? Hakiwezi. Kinapinda yale yaliyokwisha kufika. Basi elimu hiyo ya kuyapinda maji majirani wa kule juu wanayo tangu zamani, na kabichi zao ni shahidi. Wao hata kitana hawahitaji.

Sasa kijana amesoma kwamba mwaka 1867 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mtambo unaozalisha maelfu ya volti kwa maji yanayodondoka tu: michirizi miwili ya matone, pete mbili za chuma na makopo mawili, kila kopo likiunganishwa kwa waya na pete ya upande wa pili. Anasema mfereji wetu, kwa jinsi unavyodondoka usiku kucha, ni nusu ya maabara. Nusu nyingine ameipata jikoni; makopo ya maziwa yameshatobolewa.

Kwa hiyo nyumba hii, isiyo na maji wala stima, iko mbioni kuzalisha stima kwa maji. Mke wangu aliuliza swali moja tu: itachemsha chai? Haitachemsha. Volti ni nyingi, mkondo ni kiduchu, faida ni cheche. Mke wangu akamkabidhi mwanasayansi mtungi wa lita 20 na kumwonyesha njia ya mtoni.

“Huko yako mengi,” akamwambia. “Yapinde mpaka jikoni kwangu.”