Margherita Iko, Lakini ni Siku Saba

Fort Portal ina chuo kikuu, ina baridi ya mashamba ya chai, na tangu tarehe 1 Julai 2020 ina hadhi ya jiji. Sisi Kasese, kilomita zipatazo 75 kusini yao, tuna joto. Mtu akishuka kutoka kule hadi huku bondeni, jambo la kwanza analouliza ni maji ya kunywa, na la pili ni wapi watu wanakula. La kwanza lina jibu, ingawa nalo ni la ajabu: maji ya chupa yenye jina la Rwenzori hufungwa upande wa Kampala, kisha hupakiwa kwenye lori, yakaja kuuzwa chini ya mlima wenyewe.

La pili ndilo linalonitesa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa mjini, na tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kila anayeingia Kasese na Kiswahili mdomoni huletwa mlangoni kwangu kana kwamba nimempoteza mimi. Nimepokea madereva wa malori, wahubiri, na hata bwana mmoja aliyekuwa akiuza miwani. Lakini aliyenitoa jasho kuliko wote ni wa ndani: shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa Tanga anayesoma chuo kikuu huko Fort Portal. Likizo fupi ilipofika akaona aje amwone dada yake. Dada mtu akamtazama mara moja, akanigeukia.

"Baba Salma, mtembeze huyu. Ale ashibe. Mama asije akasema tumemkondesha."

Shemeji alikuja na orodha. Wenzake wa bweni, wenyeji wa Kasese, walikuwa wamemwandikia majina ya hoteli za kula na mbele ya kila jina wakachora nyota. Nilifurahi, nikadhani kazi yangu imekwisha. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba nyota zile hazikuwa za utamu. Zilikuwa za wingi wa maharage. Mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa Fort Portal, Mbarara au Dar es Salaam, anapima chakula kwa kijiko cha kuchotea, na hoteli yenye nyota tano katika hesabu yake ni ile ambayo mpishi hana mkono wa birika.

Tukaanza na ya nyota tano. Binti akatuletea menyu iliyopigwa plastiki, kurasa nne, picha za rangi. Shemeji akaisoma kwa makini, kama alivyofundishwa kusoma mikataba.

"Kuku wa kukaanga."

"Ameisha."

"Chipsi na maini."

"Viazi havijaja."

"Pilau."

"Ya Ijumaa."

"Juisi ya embe."

"Iko ya pasheni."

Niliachia tu. Menyu ya Kasese ni kama reli yetu: ilifika mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe, kwenye ramani imechorwa mpaka leo, lakini ukikaa stesheni kuisubiri treni utazeeka. Mwishowe shemeji akafunga kurasa zote nne.

"Dada, kuna nini basi?"

"Kuna chakula."

"Chakula gani?"

"Chakula." Binti hakuwa na haraka wala hasira. "Unakula na nini?"

"Nakula na shemeji yangu huyu hapa."

Ikabidi niingilie. Nikamweleza kwamba anaulizwa mchuzi. Uganda bei ni ya mchuzi: unasema samaki, au ng'ombe, au karanga, au maharage, ukimaliza hapo umeagiza. Hicho kinachoitwa chakula hakiagizwi, kinakuja chenyewe. Shemeji akasema samaki. Na kweli akaja samaki, sato mzima wa maziwa yetu haya ya George na Edward, mkia umechomoza nje ya bakuli. Pembeni ikaja sahani iliyofunikwa na nyingine. Binti alipofunua, mvuke ukapanda, na chini yake palikuwa na matoke, wali, posho, muhogo, viazi vitamu na kipande cha boga kilichoegemea ukingoni kwa kukosa nafasi.

"Mimi niliagiza samaki," shemeji akasema, "sikuagiza shamba."

Alikuwa na hakika kwamba anaibiwa. Akavuta wali upande wake, vilivyobaki akavirudisha kwenye sahani ya kufunikia, akamkabidhi binti mbele ya watu kama anarudisha rushwa. Binti akaenda zake. Bili ilipokuja ilikuwa ya samaki tu, pesa ileile ambayo angelipa na shamba lote. Shemeji akaisoma tena. Akauliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kulirudisha lile boga. Lilikuwa limeshahamia meza ya pili, kwa mzee mmoja ambaye hakuuliza limetoka wapi.

Jioni mji wetu hupoa kidogo na moshi wa nyama choma, ambayo Waganda huiita muchomo, hutanda kando ya barabara. Shemeji ni mtoto wa madrasa, nikamwambia anifuate mimi, asifuate pua. Hakunisikia. Alikwisha kutangulia, akavuta kiti, akaagiza mishikaki miwili, kisha akainua macho ukutani. Pale palikuwa pamechorwa nguruwe mkubwa wa rangi ya waridi, anatabasamu, sijui kafurahia nini. Shemeji aliondoka bila kurudisha kiti mahali pake. Tukaishia kwenye hoteli ya Waislamu karibu na msikiti, chai ya tangawizi na sambusa, na mwenye hoteli, Mkonzo mwenye kofia ya kazi ya mkono, akamhakikishia mara kadhaa kwamba ng'ombe alisomewa.

Sasa hili la Margherita. Kilele cha juu cha Rwenzori, mita 5,109, kinaitwa hivyo tangu mwaka 1906, alipokipanda Duki wa Abruzzi na kukipa jina la Margherita, aliyekuwa malkia wa Italia. Watu wa Napoli nao husimulia kwamba mwaka 1889 malkia huyohuyo alipikiwa piza ya nyanya, jibini na mrehani, ikaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mama mmoja ana mlima na ana piza, na mji wetu umechukua upande wa mlima. Utaliona jina lake kwenye mabango, kwenye barabara, kwenye nyumba za wageni. Shemeji, ambaye huko chuoni kajifunza kula piza siku za kuzaliwa za wenzake, akaliona bango na moyo ukamruka. Mlangoni walikuwa wameketi vijana wawili wenye viatu vya kupandia mlima.

"Jamani, Margherita iko?"

"Iko."

"Inachukua muda gani?"

"Siku saba kwenda na kurudi," mmoja akajibu. "Una koti la baridi?"

Nakiri kwamba sikumsaidia. Kuna mambo shemeji hukuachia maishani ili uyafurahie.

Kahawa nitaipitia upesi kwa sababu inaniuma. Kaa kwenye baraza yoyote mjini, inua macho: milima yote ile ya mbele yako ina mibuni ya arabika, na Kyarumba, mwendo mfupi tu juu, wakulima wana ushirika wao wa Bukonzo Joint unaouza kahawa mpaka ng'ambo. Kisha agiza kahawa. Utaletewa chupa ya maji ya moto, kikombe, na pakiti ya unga. Shemeji akaitikisa pakiti sikioni, akatazama mlima, akatazama pakiti. Hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Ijumaa tukaenda Bwera, maana ni siku ya soko huko Mpondwe, mpakani na Kongo, na nilitaka ale obundu. Teksi ilituchukua kusini hadi Kikorongo, pale karibu na mstari wa ikweta, ikakata kulia kupitia Kinyamaseke na Kisinga, na kila kituo ikameza watu wengine na madumu yao. Bwera na Mpondwe hazina menyu. Hazina hata mabango ya kutosha. Kuna mapazia milangoni, dumu la maji lenye bomba la kunawia, desturi iliyoshika mizizi tangu Ebola ilipovuka mpaka Juni 2019, na ndani kuna mabenchi na mama mmoja ambaye ndiye menyu.

Wetu alikuwa wa Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Baba, mutakula samaki ya mubichi ao ya kukausha?" Shemeji akanitazama mimi mwalimu aone nitasahihisha. Nilikuwa na njaa. Nikasema ya kukausha.

Obundu ni ugali wa muhogo, bonge la mviringo linalong'aa, linalovutika kama lina maoni yake. Mtoto wa Tanga akalishambulia kwa kanuni za sembe: akachota, akabinya, akaweka shimo kwa dole gumba. Obundu ikamshika dole gumba. Akaleta mkono wa pili kuokoa wa kwanza, nao ukashikwa. Akabaki ameinua mikono yote miwili mbele ya kifua, kama mtu anayekwenda kufanya upasuaji, wafanyabiashara wa dagaa wakimtazama kwa huruma. Yule mama akaja na bakuli la maji. Akalowesha vidole vyake mwenyewe, akakata tonge dogo, akalizungusha kiganjani mara tatu, akalichovya kwenye sombe, yaani kisamvu, na kulimeza bila kutafuna. "Hivi. Usipigane nayo." Baada ya hapo shemeji alikula kiasi ambacho wenzake wa bweni wangekipa nyota sita.

Tulimaliza saa saba na dakika arobaini. Nakumbuka kwa sababu simu yangu ilizimika chaji muda huohuo na shemeji akasema atatunza saa yeye. Tukateremka hadi karibu na daraja kutazama malori na vitenge. Simu yake ikaunasa mtandao wa Kongo, na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Akaitoa mfukoni, akasimama.

"Shemeji, saa saba kasoro. Cha mchana bado."

"Tumetoka kula sasa hivi."

"Kwa saa gani?" Anasoma sheria, huyu. Akanieleza kwamba mlo ule ulikuwa wa saa ambayo kisheria haijafika, na akaingia kwenye banda la kwanza la roleksi. Chapati mbili, mayai matatu, nyanya na kitunguu. Nami nilikula, nisije nikaonekana napingana na sheria.

Dada yake alikuwa ametuambia turudi saa kumi na mbili, bila sababu. Mimi nilizama kwenye kupatana bei ya samaki wa kukausha, naye akawa ananitajia saa kila nikiuliza, kwa sauti ya uhakika. Saa kumi kamili, kwa mujibu wake, tukapanda teksi. Tulipoipita Bwera kidogo simu ikajirudia kwenye mtandao wa Uganda, ikaruka hadi saa kumi na moja na dakika ishirini mkononi mwake. Tukatazamana. Teksi nayo ikasimama Kisinga kupakia mihogo.

Tuliingia nyumbani saa mbili kasorobo, tunanuka samaki. Harufu ya nyumbani ilikuwa nyingine. Mama Salma alikuwa amepata nazi tatu, zilizosafiri kwa basi kutoka Kampala, na tangu adhuhuri alikuwa jikoni anakuna, anachuja tui, anapika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili ya mdogo wake, vile mama yao anavyopika. Mezani kulikuwa na sahani zimefunikwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa, mikono kifuani.

"Saa ngapi hizi?"

Shemeji akaanza kueleza habari za mtandao wa Kongo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tukanawa, tukakaa, tukala, na kila sahani ilipoisha ikajazwa tena. Nilimwona shemeji akikata tonge dogo, akalizungusha kiganjani na kulimeza bila kutafuna.

Kwa hiyo, msomaji, ukija Kasese, samaki mle mchana kabla hajaisha, na usirudishe boga. Obundu nenda Bwera siku ya soko. Kahawa ya mlima njoo unywe kwangu. Tunaikaanga wenyewe, uani. Mke wangu amesema niandike na hili pia: mgeni atoe taarifa siku moja kabla, na akipitia Kampala aje na nazi.